Bunduki ya Dawa: Je, Yafaa Kumtibu Ng'ombe kwa Mbali?

Wazee wa Burundi wakutanapo, mmoja humwambia mwenziwe, "Amashyo!", maana yake, upate makundi ya ng'ombe. Naye mwenziwe hujibu, "Amashongore!", yaani, nawe upate makundi ya majike. Hata hapa Bujumbura, mji wa magari na maduka, salamu hiyo ingali yajulikana. Kwa hiyo mwenye kuandika habari za ng'ombe hana haja ya kuomba radhi kwa wasomaji. Ng'ombe ni akiba ya mzee, ni mahari ya kijana, ni maziwa ya mtoto, na ni samadi ya shamba la migomba. Akifa ng'ombe mmoja, nyumba nzima huona pengo.

Siku hizi picha za mashamba makubwa ya Marekani zimefika mikononi mwa wengi. Katika picha hizo mtu aonekana ameketi garini katikati ya malisho, ameelekeza bunduki kwa ng'ombe. Mlio mdogo wasikika, ng'ombe aruka hatua mbili tatu, kisha arudi kula majani yake. Wanafunzi huuliza: Je, amempiga risasi? La, amemtibu. Bunduki ile ilitupa sindano yenye dawa. Hapo swali la pili hufuata upesi: Kwa nini na sisi tusiwe nayo?

Somo letu la leo ni kulijibu swali hilo la pili. Lakini tusilijibu kwa haraka. Yatupasa kwanza tukijue chombo chenyewe, kisha tupige hesabu mbili, na mwisho tumtazame ng'ombe wetu.

1. CHOMBO CHENYEWE

Bunduki ya dawa ina mambo mawili ya kutazamwa: kile kitupacho, na kile kitupwacho.

Kitupacho ni mtutu kama wa bunduki nyingine, ila nguvu yake ni ndogo. Baadhi ya bunduki hizi hutumia chupa ndogo ya gesi ya kaboni dayoksaidi. Nyingine hutumia hewa iliyoshindiliwa kwa pampu. Na nyingine hutumia fataki ya baruti isiyo na risasi. Mpigaji hupunguza au huongeza nguvu kwa kadiri ya umbali wa mnyama.

Kitupwacho ni kishale. Hiki ni bomba dogo la plastiki au alumini. Mbele kina sindano nene. Nyuma kina mkia wa nyuzi au plastiki, nao hukifanya kiende sawasawa hewani, kama manyoya yafanyavyo katika mshale wa upinde. Ndani yake mna dawa, na nyuma ya dawa mna kizibo kinachoweza kusogea mbele.

Sasa fikiri: daktari adungapo kwa mkono, kidole gumba chake ndicho kisukumacho kizibo. Lakini kishale kikiwa mbali, nani atakisukuma? Mafundi walipata njia mbili. Njia ya kwanza ni ya hewa. Nyuma ya kizibo hushindiliwa hewa au gesi, na tundu la sindano, lililo ubavuni, huzibwa kwa mpira mdogo. Sindano iingiapo katika ngozi, mpira ule husukumwa nyuma, tundu hufunguka, na hewa husukuma dawa itoke. Njia ya pili ni ya baruti. Nyuma ya kizibo huwekwa fataki ndogo sana. Kishale kigongapo mwili, fataki hulipuka na kusukuma dawa yote kwa mara moja. Ama kwa njia hii, ama kwa ile, kazi yote hutimia kwa nukta moja ya saa.

2. ASILI YAKE

Chombo hiki hakikubuniwa kwa ajili ya ng'ombe wa nyumbani. Katika miaka ya 1950, Colin Murdoch, mfamasia na mganga wa wanyama wa mji wa Timaru katika Nyuzilandi, alikuwa akishughulika na mbuzi-mwitu na kulungu. Alitaka kuwakamata bila kuwaua, awachunguze, kisha awaachilie. Ndipo alipobuni bunduki ya kutupa dawa ya usingizi. Miaka hiyohiyo wataalamu wa jimbo la Georgia, Marekani, walikuwa wakijaribu jambo kama hilo kwa kulungu wa huko.

Haikuchukua muda elimu hiyo kufika kwetu Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1960 Dakta A. M. Harthoorn, aliyefanya kazi Nairobi, alikuwa mmoja wa waganga wa kwanza waliojifunza namna ya kuwalaza vifaru, tembo na nyati kwa sindano ya mbali. Dawa mojawapo waliyoitumia, iitwayo etofini, ina nguvu mara elfu na zaidi kuliko mofini. Tone dogo likimwingia mtu laweza kumwua. Mwaka 1970 Harthoorn alitoa kitabu juu ya kazi yake, The Flying Syringe. Ni kwa kazi hiyo vilevile watu wa Marekani walipata mfano wa michezo yao ya televisheni ya 1966 hadi 1969, wakaipa jina la Kiswahili, Daktari.

Basi tukumbuke jambo hili, maana tutalirudia: bunduki ya dawa ilibuniwa kwa mnyama asiyeweza kushikwa. Baadaye ndipo wenye mashamba makubwa walipoigeuzia kwa ng'ombe, wakabadili dawa: badala ya usingizi wakatia dawa ya ugonjwa.

3. HESABU YA KWANZA: DAWA KIASI GANI?

Dawa hupimwa kwa uzito wa mnyama. Dawa haba haiponyi. Dawa ya kupita kiasi yaweza kudhuru. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua uzito wa ng'ombe. Wenye mizani ya ng'ombe ni wachache, lakini kila mtu aweza kupata utepe wa kupimia.

Zungusha utepe kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, upate mzingo. Kisha pima urefu wa mwili tangu ncha ya bega hadi mfupa wa kitako. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha tena kwa urefu, kisha gawanya kwa 10,840. Jibu litakuwa uzito kwa kilo, si kamili kama wa mizani, lakini karibu nao.

Tuseme ng'ombe wetu ana mzingo wa sentimita 150, na urefu wa sentimita 130.

150 mara 150 ni 22,500.
22,500 mara 130 ni 2,925,000.
2,925,000 kwa 10,840 ni 270, kwa kukadiria.

Ng'ombe wetu ana kilo 270. Sasa tuseme daktari ameamuru oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini kwa muda mrefu. Kipimo chake ni miligramu 20 kwa kila kilo, na katika kila mililita mna miligramu 200.

270 mara 20 ni miligramu 5,400.
5,400 kwa 200 ni mililita 27.

Ng'ombe mmoja, mililita 27. Lakini kishale cha kawaida hakichukui zaidi ya mililita 10 hivi. Maana yake nini? Maana yake ng'ombe huyu apaswa kupigwa mara 3, mililita 9 kila mara. Pigo la kwanza atalivumilia. Je, atasimama angojee la pili? Na la tatu? Mpigaji naye, je, ana hakika kwamba vishale vyote 3 vilimwaga dawa yote, wala hakuna kilichoruka na kuangukia majanini na dawa yake ndani?

Tena, mtu aliye umbali wa mita 15 hawezi kuzungusha utepe. Atakisia kwa macho. Akikisia kilo 200 badala ya 270, atatoa mililita 20 badala ya 27. Amepunguza robo nzima ya dawa. Vijidudu dhaifu vitakufa, vyenye nguvu vitabaki na kuzaana, na safari ijayo dawa ileile haitawadhuru watoto wao. Huu ndio usugu wa dawa, nao hauishii zizini, kwa kuwa namna nyingi za dawa hizi hutumika hospitalini pia.

4. HESABU YA PILI: PIGO LENYEWE

Wanafunzi wa fizikia wajua kwamba nishati ya kitu kinachokwenda ni nusu ya uzani wake kwa kilo, mara kasi yake, mara kasi yake tena. Tuseme kishale kilichojaa kina gramu 25, yaani kilo 0.025, nacho chagonga kwa kasi ya mita 60 kwa sekunde.

Nusu mara 0.025 mara 60 mara 60 ni jouli 45.

Jouli 45 ni kama nini? Ni kama kuangusha jiwe la kilo 4 na nusu toka urefu wa mita 1, na jiwe lote litue juu ya ncha ya sindano. Kasi ikipunguzwa iwe mita 30, nishati huwa jouli 11 na robo tu. Tazama: kasi imepungua nusu, lakini pigo limepungua hata likawa robo. Ndiyo sababu mpigaji akosaye kidogo katika kukadiria umbali hukosa sana katika pigo. Likiwa dhaifu, kishale huanguka. Likiwa kali, nyama hupondeka, damu huvilia, na pengine sindano huvunjika ikabaki ndani.

Kisha kuna suala la mahali. Mganga achomaye kwa mkono huchagua sehemu ya shingo yenye umbo la pembetatu, mbele ya bega, chini ya ukano wa juu na juu ya mfupa wa shingo. Hapo hapana mshipa mkubwa, tena si pahali pa nyama ya thamani. Vilevile huchagua njia: dawa nyingine huingizwa katika msuli, nyingine chini ya ngozi tu, nyingine katika mshipa wa damu. Bunduki haijui tofauti hizo. Yaelekea msulini tu, na ng'ombe akigeuka wakati kishale kiko hewani, chaweza kumpata mbavuni, tumboni, au jichoni. Kwa hiyo huko Marekani kwenyewe, vyama vya madaktari wa ng'ombe vimetoa miongozo ya kuwaonya wafugaji: chombo hiki kitumike pale tu ambapo hapana njia nyingine, na kwa shauri la daktari.

5. NG'OMBE ANAYEKOHOA

Tuziache hesabu sasa, tuje kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote.

Bujumbura imo katika uwanda wa Imbo, ukanda wa chini wenye joto kandokando ya Ziwa Tanganyika na mto Rusizi. Huku kupe hustawi. Miongoni mwao yumo kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa masikioni mwa ng'ombe. Huyu ndiye aletaye ndigana kali. Humwingiza ng'ombe kijidudu kiitwacho Theileria parva, na baada ya wiki moja hadi tatu hivi ugonjwa huonekana. Ng'ombe wa kienyeji wa pembe ndefu aliyezaliwa bondeni hustahimili kidogo. Ng'ombe wa kisasa wa maziwa, aliyeletwa toka milimani au toka ng'ambo, hufa upesi.

Tuseme mchungaji aona ng'ombe wake amesimama peke yake, kichwa chini, akikohoa. Kwa mbali, kikohozi ni kikohozi. Mchungaji asema moyoni, "Hii ni nimonia." Kama ana bunduki, atajaza vishale oksitetrasaiklini, atapiga, na atarudi nyumbani akiwa ameridhika. Baada ya siku 4 au 5 ng'ombe amekufa, mapovu yamemjaa puani. Kumbe haikuwa nimonia. Ilikuwa ndigana kali, nayo ikishadhihiri haiponywi na dawa ile. Yataka dawa nyingine, kama buparvakuoni, na yataka itolewe mapema. Siku ile ya kwanza ndiyo ilikuwa siku ya kumwokoa, nayo ilipotea.

Ni nini kingemjulisha? Vidole vyake. Mwenye ndigana kali huvimba tezi chini ya sikio na mbele ya bega. Uvimbe huo mwanzoni hauonekani kwa jicho, lakini mkono ukipita chini ya sikio huukuta, mgumu kama yai. Pili, kipimajoto. Ng'ombe mzima ana joto la nyuzi 38 na kidogo hadi 39. Mwenye ndigana kali hupanda hata akapita 40. Tatu, ufizi. Ukiinua mdomo na kuona ufizi umekuwa mweupe au wa manjano, na mavi ni makavu na magumu, huenda ni ndigana baridi, ambayo kweli husikia oksitetrasaiklini. Nne, ndani ya sikio: je, mna kupe?

Mambo manne, na yote yataka mtu asimame karibu na ng'ombe na kumgusa. Bunduki yapeleka dawa, lakini haileti habari. Mtu aliye mbali hutibu ugonjwa alioukisia. Mtu aliye karibu hutibu ugonjwa alioukuta. Kwa maskini mwenye ng'ombe mmoja au wawili, tofauti hiyo ndiyo tofauti ya kuwa na ng'ombe na kuwa na ngozi.

6. NYAMA NA MAZIWA YA MJINI

Labda msomaji wa Buyenzi au Bwiza atasema, "Mimi sina ng'ombe, haya yanihusu nini?" Yakuhusu kila asubuhi unywapo chai ya maziwa.

Kila dawa ya ng'ombe ina muda wake wa kungojea, ulioandikwa katika karatasi yake. Kwa oksitetrasaiklini ya muda mrefu ni siku kadhaa kwa maziwa, na ni wiki kadhaa kwa nyama. Kabla muda huo haujapita, maziwa yasiuzwe na ng'ombe asichinjwe, maana dawa ingali mwilini. Basi ng'ombe aliyetibiwa zizini, mwenyewe humjua na huandika siku. Lakini kundi la ng'ombe 30 wanaofanana rangi, wamepigwa vishale jioni malishoni, nani atakumbuka ni yupi aliyepata dawa na yupi aliyekoswa? Mali bila daftari hupotea bila habari. Na dawa bila daftari hufika mezani bila habari.

Zaidi ya hayo, sindano iliyovunjika ndani ya msuli haiyeyuki. Humngoja mchinjaji, na asipoiona yeye, humngoja mlaji. Nacho kishale kilichopotea majanini humngoja mtoto achungaye miguu mitupu.

7. PALE INAPOFAA

Je, basi chombo hiki hakina faida? La, kina faida kubwa mahali pake. Historia ya sotoka yatuonyesha wazi.

Sotoka ndiyo maradhi iliyomaliza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, ikaacha njaa kila ilikopita. Karibu na mwaka 1960 Walter Plowright na wenzake, katika kituo cha Muguga karibu na Nairobi, walipata chanjo nzuri ya ugonjwa huo. Kwa chanjo hiyo ng'ombe kwa mamilioni walichanjwa, nchi baada ya nchi. Walichanjwaje? Kwa mkono. Wachungaji waliwapanga ng'ombe katika ujia wa miti, na mchanjaji alipita akiwadunga mmoja mmoja. Mara ya mwisho ugonjwa ulipoonekana ilikuwa 2001, kwa nyati wa mbuga ya Meru nchini Kenya. Na mwaka 2011 ulimwengu ukatangaziwa kwamba sotoka imekwisha kabisa. Ni ugonjwa wa kwanza wa wanyama kufutwa duniani.

Lakini ili kuwa na hakika kwamba imekwisha, ilibidi kuchunguza damu ya nyati pia. Nyati haingii katika ujia wa miti, wala hashikwi pembe. Hapo ndipo bunduki ya dawa ilipotumika: nyati alilazwa kwa sindano ya mbali, akatolewa damu, akaamshwa, akaenda zake. Basi katika vita moja, kila silaha ilipata kazi yake. Mkono ulikuwa wa ng'ombe, bunduki ilikuwa ya nyati.

Katika nchi yetu pia wapo wanyama wa namna hiyo. Katika mbuga ya Ruvubu, iliyowekwa mwaka 1980, wamo nyati. Katika Rusizi, mlangoni mwa Bujumbura, wamo viboko, ambao usiku hutoka ziwani kula majani. Mganga apaswaye kumtibu mnyama kama huyo hana budi kutumia sindano ya mbali. Hata hivyo kazi si rahisi: kiboko akishapigwa hukimbilia majini, na dawa ikimshika humo huzama akafa. Basi hata pale bunduki inapofaa, yataka mtu mwenye elimu.

Na ng'ombe? Pengine hutokea dume mkali aliyetoroka, au ng'ombe aliyejeruhiwa asiyekaribiwa na mtu. Hapo daktari aweza kuitumia, nasi tutamshukuru.

8. KWETU BURUNDI

Sasa tuko tayari kulijibu swali letu. Kwa nini na sisi tusiwe nayo? Kwa sababu sisi tuna kitu ambacho mwenye shamba la Marekani hana: ng'ombe wachache, walio karibu.

Mwaka 2018 Burundi ilitunga sheria ya kufuga wanyama zizini na kukataza wazururao. Watu walipewa miaka 3 ya kujiandaa, na Oktoba 2021 sheria ilianza kushika. Nchi yetu ina watu wengi na ardhi ndogo. Malisho ya wazi yamekuwa mashamba. Tangu hapo ng'ombe hapaswi kuyafuata majani. Majani ndiyo humfuata ng'ombe. Mfugaji hupanda majani ya tembo, yaani mabingobingo, huyakata na kumletea. Wengi wameona taabu, kwa kuwa kukata majani na kuteka maji kila siku ni kazi. Lakini ng'ombe wa zizini aonekana kila asubuhi. Akikataa kula, yajulikana siku ileile. Yuko umbali wa mkono. Kwa nini tumpige kwa mbali?

Mwaka uliofuata tuliona faida ya ukaribu huo. Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa iliingia nchini ikaua ng'ombe, na usafirishaji wa mifugo ukasimamishwa. Katika siku kama hizo kila mnyama ataka kutazamwa na kuhesabiwa, na hakuna chombo kifanyacho hivyo kwa mita 15.

Kuna sababu nyingine, nayo si ya kisayansi. Nchi yetu ilipita katika vita iliyoanza mwaka 1993. Mtu akionekana kilimani ameelekeza bunduki, mama hatauliza kama imejaa risasi au dawa. Atawakusanya watoto wake akimbie. Chombo cha kuponya kisifanane na chombo cha kutisha.

Basi badala ya bunduki tufanye nini? Watu wa mtaa mmoja na wajenge kibanio, yaani ujia mwembamba wa miti. Nguzo ziwe imara, zifukiwe barabara. Upana wa ndani uwe sentimita 70 hivi, ng'ombe apite lakini asiweze kugeuka. Kwa ng'ombe wetu wa pembe ndefu yapasa kuangalia sana: fito za pembeni zisizidi usawa wa mabega, ili pembe zipite juu yake, zikipandishwa mno, pembe zitanasa na ng'ombe atajiumiza. Sakafu isiwe ya utelezi. Mbele pawe na mti wa kuziba, na nyuma mti mwingine. Kibanio kama hicho hujengwa kwa miti ya kilimani na nguvu za majirani, nacho hutumika kwa chanjo, kwa kunyunyizia dawa ya kupe, kwa kupima, na kwa kutibu.

Tena ndama azoezwe tangu mdogo. Ashikwe masikio, ainuliwe mdomo, afungwe kamba, apapaswe shingo. Ndama aliyezoea mkono hukua ng'ombe asiyeogopa mganga. Kazi hii haina gharama, na yafaa sana watoto wa shule wakati wa likizo.

MASWALI NA ZOEZI

1. Eleza njia mbili ambazo kishale husukuma dawa bila mkono wa mtu.
2. Ng'ombe ana mzingo wa sentimita 160 na urefu wa sentimita 135. Tafuta uzito wake. Kisha tafuta mililita za dawa ile tuliyoitaja katika sehemu ya 3. Ingelazimu vishale vingapi?
3. Kishale cha gramu 20 chaenda mita 50 kwa sekunde. Nishati yake ni jouli ngapi?
4. Taja mambo manne ambayo mtu hawezi kuyajua juu ya ng'ombe anayekohoa asipomkaribia.
5. Kwa nini nyati alihitaji bunduki katika kumaliza sotoka, na ng'ombe hakuihitaji?
6. Zoezi la likizo: Pima ng'ombe mmoja wa nyumbani au wa jirani, kwa ruhusa ya mwenyewe. Andika mzingo, urefu na uzito. Pitisha vidole vyako chini ya masikio yake yote mawili, ili uijue tezi ya ng'ombe mzima ilivyo. Siku ukikutana na ya mgonjwa, hutahitaji kuambiwa.